Breki za trela: za mafuta au za umeme? Soma kabla hujavuta mzigo

Ndugu zetu mnaovuta trela huko Marekani, iwe ya boti au ya kubebea magari, kitengo chetu cha usalama barabarani tunaulizwa sana breki zipi bora, na sisi huwa tunaanza na swali, unataka nani aamue trela ishike breki, mzigo wenyewe au wewe dereva?

Breki za mafuta kwenye trela ndogo hazijaungana na pedeli yako kabisa. Ukipunguza mwendo trela inasukuma gari, ule msukumo unabana masta silinda (pampu ya oili ya breki) iliyoko pale trela inaposhikana na gari, oili inakimbilia magurudumuni na breki zinashika. Hazihitaji kontrola (kifaa cha kuamuru breki za trela) kwenye gari, na kwa boti ndio penyewe kabisa maana ile trela inazamishwa majini na chumvi inakula sumaku na waya za breki za umeme haraka sana. Tabu ni mteremko mrefu, ukishuka na gia nzito trela bado inakusukuma kwahiyo breki zake zinashika muda wote zinapata moto na wewe hujui. Ukipiga rivasi kupanda kilima nazo zinaweza kujifunga, ndio maana trela nyingi zina waya unaotoka taa za rivasi kwenda kuzuia oili isipite.

Za umeme unakuwa na kontrola karibu na usukani na soketi ya pini 7, umeme unaenda kwenye sumaku ndani ya dramu, sumaku inanasa dramu inayozunguka, inavuta mkono wa chuma na breki shuu zinatanuka. Kubwa zaidi ni ile swichi ya mkono, trela ikianza kuyumba unaishika breki yenyewe tu inanyooka. Kwa mzigo mzito milima ya Colorado mimi sichagui nyingine.

Wa biashara, sheria ya serikali kuu inaruhusu breki za msukumo, yaani hizi za mafuta, kwa trela ya hadi pauni 12,000 kama uzito wake wa juu hauzidi mara 1.75 ya ule wa gari, ikizidi hapo mpaka pauni 20,000 ni mara 1.25 tu.

Halafu jamani ile kamba ya dharura! Imefungwa kwenye gari, na trela ikichomoka inavuta pini kutoka kwenye swichi ya trela, na kwa za umeme betri ndogo ya trela ndiyo inashika breki, sheria inataka zishike angalau dakika 15. Kabla ya safari chomoa soketi, chomoa pini, sogeza gari taratibu, magurudumu ya trela yakizunguka bila shida usiondoke kwanza, angalia betri na waya. Pini irudishe hapohapo, ukiiacha nje betri inaisha.