Damu si Samaki

Mwezi uliopita iliniangukia mezani, hapa maabara Lamu mjini, chupa ya damu ya mzee mmoja wa kisiwa cha Pate. Potasiamu, aina ya chumvi iliyomo damuni, ilikuwa 6.9. Kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0, ikipanda hivyo, mapigo ya moyo huweza kuvurugika. Nikampigia simu nesi aliyeitoa.

"Mzee yuko wapi?"

"Yuko barazani, anakunywa kahawa."

Nikaanza kuishuku safari. Damu ilitolewa jana yake alasiri, ikalala kwenye friji, asubuhi ikasubiri maji yajae boti ipite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari. "Lakini haikuguswa na joto hata kidogo," nesi akajitetea. Wala simlaumu. Sisi watu wa pwani tumekua tukijua kitu kisioze ni kukitia barafu.

Damu ina mambo yake. Chembe nyekundu zimejaa potasiamu, na kila wakati kidogo huvuja nje. Zina pampu ya kuirudisha ndani, kama baharia anayefua maji chomboni (ila hapa kinachovuja kinatoka, hakiingii). Baridi humkunja baharia huyo mikono. Uvujaji unaendelea, na kadiri saa zinavyopita ndivyo potasiamu inavyopanda kwenye majimaji ninayoyapima. Kwa hiyo damu ya kipimo hiki iache igande kama nusu saa, izungushwe kwenye mashine, seramu (yale majimaji) itengwe, ndipo uitie baridi. Huna mashine? Iweke kivulini bila barafu, uniletee mapema. Vitabu husema iwe kwenye joto la chumba, yaani nyuzi 20 hadi 25. Nani analipata Lamu wakati wa kaskazi?

Sukari nayo huliwa na chembe hizo hizo, kama asilimia 5 hadi 7 kwa saa, na joto huzidisha kasi. Mgonjwa wa kisukari anaweza kuonekana nafuu kwa sababu tu boti ilichelewa. Chupa ya kifuniko cha kijivu ina floridi, dawa ya kuzuia sukari isiliwe, ingawa huchukua saa moja au mbili kushika sawasawa.

Slaidi ya malaria, kile kioo cha kupakia tone la damu, ipakeni huko huko zahanati. Msingoje boti.

Yule mzee aliletwa mwenyewe, nikamtoa damu nikaipima papo hapo: 4.3. Alichotaka kujua ni nani atamrudishia nauli yake.