Ghala likijaa mahindi, lishe bado
Wengi huamini mavuno yakiongezeka, lishe ya watoto hujirekebisha yenyewe. Si kweli: mahindi meupe hayampi mtoto vitamini A, hata ghala lifurike. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vinampa, na mbegu yake ni marando tu: vipande vya shina lake vya sentimita 30 hivi, vikichomekwa tutani. Hasara huja kiangazi, marando yanapokauka. Tunza kitalu kidogo pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Gharama ya kuwafunza wakulima kuhusu viazi hivi nayo hupungua: Uganda na Msumbiji, 2007–2009, mafunzo ya mwaka mmoja yalileta ulaji wa vitamini A karibu sawa na ya miaka miwili. Kumlisha mtoto: chemsha viazi na maganda, menya, ponda, tia mafuta kijiko kimoja. Bila mafuta mwili hufyonza vitamini A kidogo.