Mtoto kamaliza dawa za kinga ya TB, mbona mkono bado unavimba?

Dhana: Akimaliza dawa, kipimo cha ngozi lazima kisome hasi.

Hii ndiyo inayowanyima wazazi usingizi. Mtoto kameza isoniazidi kila siku kwa miezi 6, au isoniazidi pamoja na rifampisini kwa miezi 3, hakuruka hata dozi moja. Anapimwa tena, mkono unavimba vilevile. Dawa zimekwenda bure? La hasha. Kipimo hiki hakitafuti vimelea vya TB. Kinachodungwa ndani ya ngozi ni mililita 0.1 ya tuberkulini, yaani protini zilizotolewa kwenye vimelea, wala hakuna kimelea hai ndani yake. Chembe za kinga zilizowahi kukutana na TB huzitambua protini hizo, hukusanyika pale na ngozi ikavimba. Dawa hupambana na vimelea. Kumbukumbu ya kinga inabaki, pengine kwa miaka mingi. Ndiyo maana kurudia kipimo ili kujua kama tiba ya kinga imefanya kazi ni kumchoma mtoto sindano bure.

Dhana: Uvimbe umezidi ule wa kwanza, basi ugonjwa umepanda.

Milimita hazihesabu vimelea. Sindano ya kwanza yenyewe inaweza kuizindua kumbukumbu ya kinga iliyosinzia, ya pili ikavimba zaidi. Halafu kuna mkono wa msomaji, yaani mhudumu anayepima uvimbe. Kati ya saa 48 na 72 anapapasa mpaka pale ugumu unapoishia, anatia alama ya kalamu pande zote mbili, kisha anaweka rula kukatiza mkono. Wekundu hauhesabiwi, hata ukitisha. Wasomaji wawili wakipishana milimita 2, si ajabu.

Dhana: Safari hii kimesoma hasi, kwa hiyo amepona.

Wala hilo si ushahidi. Utapiamlo, VVU, surua, hata chanjo ya surua ya wiki chache zilizopita, vyote vinaweza kuizima ngozi isijibu.

Dhana: Ni BCG tu hiyo, chanjo ya TB, ndiyo inayouvimbisha mkono.

Pengine. Lakini athari ya BCG aliyochanjwa mtoto mchanga hufifia kadiri miaka inavyokwenda, na kama nyumbani kuna mgonjwa wa TB, mimi nisingeisingizia chanjo.

Dhana: Aliyekwisha kumeza dawa za kinga hapati TB tena.

Dawa zilishughulikia maambukizi ya wakati ule. Akikaa tena na mtu anayekohoa TB anaweza kuambukizwa upya, na kipimo cha ngozi ambacho tayari ni chanya hakitaligundua hilo. Hapo mtazame mtoto mwenyewe: kikohozi kisichoisha, homa, uzito uliogoma kupanda, kuacha kucheza. Ukiona hayo mpeleke kituoni na karatasi ya kipimo cha kwanza na tarehe alizomeza dawa, apigwe picha ya kifua na kupimwa makohozi. Mdogo asiyeweza kutoa makohozi, hata choo chake hupimwa.