Upatanishi usiosubiri silaha zinyamaze: maana yake

Tumezoea kusikia kwamba kwanza vita visimame, ndipo watu waketi wazungumze. Upatanishi usiosubiri unaupindua mpango huo. Mtu wa tatu, asiye wa upande wowote, anaanza kupatanisha mapigano yakiwa yamepamba moto, na hakati kazi yake: anapeleka pendekezo kwa pande zote kwa pamoja, anapokea majibu, analirekebisha, analirudisha tena, mpaka papatikane pa kuanzia.

Mimi niliujua kabla sijajua kusoma. Mtaani kwetu, Mji wa Kale hapa Mombasa, nyumba mbili zilizopakana zilikosana kwa sababu ya mlizamu wa paa uliokuwa ukimwaga maji ya mvua kwenye ukuta wa jirani. Ilifika hadi watoto tukakatazwa kusalimiana. Nyanya yangu hakungoja hasira zipoe. Baada ya swala ya alasiri alijitanda leso, akaingia nyumba ya kwanza, akanywa kahawa na kusikiliza matusi yote bila kukatiza. Kisha akavuka kichochoro. Kule hakuyafikisha matusi, alifikisha lile neno moja lililokuwa ndani yake: "Wanasema ukuta wao unaoza." Jibu lilikuwa kali, nalo akalichambua vivyo hivyo njiani. Alikwenda na kurudi siku nyingi, na siku zote hizo ugomvi ulikuwa ukiendelea. Kila upande ulimwona kigeugeu. Mlizamu ukageuzwa.

Kwa nini asisubiri? Kwa sababu anayeshinda hataki kusimama kabla hajamaliza, na anayeshindwa hataki kusimama akiwa chini. Tena hakuna anayetaka kutangulia kusema "tuzungumze", maana ataonekana amelegea. Mpatanishi anawaondolea aibu hiyo: pendekezo ni lake, si la yeyote kati yao. Kwa hiyo usitishaji wa vita unaweza kuja baadaye, kama tunda la mazungumzo. Kuufanya kuwa sharti la kwanza ni kuwaachia wenye bunduki waamue lini maneno yaanze.

Aliyelipigia debe wazo hili kuliko wote wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ni mwandishi wa habari, Rosika Schwimmer, aliyezaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1877. Alianza na haki za wanawake: mwaka 1904 alishiriki kuanzisha chama cha ufeministi nchini mwake, na akahariri jarida lake. Vita vilipozuka mwaka 1914 alikuwa London, akishughulikia habari za muungano wa kimataifa uliodai kura kwa wanawake na kuyaandikia magazeti ya Ulaya. Mara moja akawa raia wa nchi adui. Mwezi Septemba alikuwa ameshavuka bahari hadi Washington, kumwomba Rais Woodrow Wilson aongoze upatanishi.

Mpango wenyewe uliandikwa na Julia Grace Wales, Mkanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin: wataalamu kutoka nchi zisizopigana wakae kikao kisichovunjika, wapeleke mapendekezo kwa wapiganaji wote. Uliungwa mkono Hague, Uholanzi, ambako zaidi ya wanawake 1,000 kutoka nchi 12 walikutana kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 1 Mei 1915. (Wakenya tunaijua Hague kwa kesi za baada ya uchaguzi wa 2007, nami ningependa tuijue kwa kikao hiki pia.) Schwimmer ndiye aliyesimama kupendekeza kwamba maazimio yasitumwe kwa posta, bali wanawake wayapeleke kwa miguu yao hadi kwa watawala. Wakagawana safari, wakabisha hodi katika miji mikuu ya nchi zilizopigana na zisizopigana. Hicho ndicho kichochoro cha nyanya, ila kimepanuliwa kikawa bara zima.

Baadaye alimshawishi tajiri wa magari Henry Ford, naye akakodi meli, Oscar II, iliyong'oa nanga karibu na New York tarehe 4 Desemba 1915 ikibeba watetezi wa amani kwenda Ulaya. Magazeti yaliifanyia mzaha mkubwa. Linaniuma hili, kwa kuwa waliomcheka Schwimmer walikuwa waandishi wenzake, na wakati huohuo vijana walikuwa wakifa kwa maelfu. Ford akaugua, akarudi kwao. Kikao cha wapatanishi kilifunguliwa Stockholm mwaka 1916, lakini serikali hazikukisikiliza.

Je, wazo lilikufa hapo? Kumbuka Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoitikisa Kenya. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alifika Nairobi na kuanza kazi akiwa na Graça Machel na Benjamin Mkapa, huku nyumba za watu zikiendelea kuchomwa. Naivasha na Nakuru ziliwaka yeye akiwa tayari nchini. Hakusema nitarudi mkitulia. Mezani walikuwepo Martha Karua upande wa serikali na Sally Kosgei upande wa upinzani, na mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Februari.

Schwimmer mwenyewe hakuuona ushindi wa aina hiyo. Alihamia Marekani mwaka 1921, akaomba uraia. Katika fomu aliulizwa kama yuko tayari kushika silaha kuitetea nchi. Alikuwa na umri wa karibu miaka 50, na wanawake hawakuandikishwa kupigana, ila hakutaka kusema uongo: alijibu kwamba yeye binafsi hatashika. Mwaka 1929 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo, majaji 6 dhidi ya 3, iliamua asipewe. Msimamo huo ulibatilishwa mwaka 1946, katika kesi ya mtu mwingine. Yeye alifariki New York tarehe 3 Agosti 1948, akiwa hana uraia wa nchi yoyote. Mwaka huo alikuwa amependekezwa kwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Haikutolewa kwa mtu yeyote.