Ametoka reanimasio, miguu haimbebi

Haya ni maswali ya familia za Bukavu zinazomrudisha nyumbani mtu mzima aliyelazwa reanimasio (chumba cha wagonjwa mahututi) kwa malaria kali, nimonia, maambukizi ya damu au upasuaji mkubwa. Aliyepata kiharusi au kuvunjika mfupa ana mpango wake tofauti.

Ugonjwa umeisha. Mbona mzee hawezi hata kuinuka kitini?

Ugonjwa umemla misuli. Maambukizi makali huvunja nyama ya mwili haraka kuliko mwili unavyoijenga, na kulala siku nyingi huongeza hasara. Watafiti wa London waliopima mapaja ya wagonjwa mahututi walichapisha mwaka 2013 kwamba, kufikia siku ya 10, msuli wa mbele wa paja ulikuwa umepungua karibu 18%. Msuli huo ndio unaomwinua mtu kitini. Wengine wameumia neva pia: nyayo zina ganzi, kifundo kimelegea, vidole vinakwaruza chini anapotembea. Huyo asivae kambambili; avae kiatu kinachofungwa. Na yeyote kati yao asiitwe mvivu.

Apumzike mpaka nguvu zirudi?

Nguvu hazirudi kwa kulala. Daktari akisharuhusu, aanze kwa kidogo, mara nyingi kwa siku. Kabla ya kusimama akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika 2 au 3, miguu chini, maana presha hushuka ghafla na wengi huanguka hapo hapo.

Kama ni zoezi moja tu tungelichagua, ni kukaa na kuinuka. Tafuteni kiti kigumu, kiegemee ukuta. Kile chepesi cha plastiki huteleza kwenye sementi, na sofa humzamisha (sofa tuwaachie wageni). Juu ya kile kiti kigumu wekeni blanketi lililokunjwa: kiti kikiwa juu, kazi inapungua. Asogee mpaka ukingoni, avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, ndipo asukume huku akitoa pumzi. Kosa tunaloliona kila siku ni kutaka kuinuka mgongo ukiwa wima. Uzito unabaki nyuma, anarudi kitini kwa kishindo, kisha anasema amekwisha. Kukaa kuwe kwa polepole, mkihesabu mpaka tatu, kwa sababu hapo paja linafanya kazi kweli.

Afanye mara 5, apumzike dakika 2, arudie mara 5. Asubuhi, mchana na jioni. Akifikisha mara 10 mfululizo bila kushika kitu, toeni blanketi. Msaidizi asimame pembeni, mkono nyuma ya kiuno. Kumvuta mikono au kumbeba kwapani huumiza mabega, tena humnyima zoezi lenyewe.

Tutajuaje amezidisha?

Akiwa katika zoezi aweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Akiamka kesho yake amechoka kuliko jana, punguzeni nusu, msiache kabisa. Kifua kikiuma, midomo ikibadilika rangi, akizimia au moyo ukienda ovyo, ni hospitali moja kwa moja. Kama mna kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kikishuka chini ya 90% akae; kisipopanda baada ya kupumzika, mpelekeni. Daktari akiwa amewapa namba nyingine, fuateni ya daktari.

Nyumba yetu ni Kadutu, chini ya ngazi nyingi. Atafikaje?

Swali hili liulizwe kabla ya kutoka hospitali. Kama kuna ndugu anayekaa karibu na barabara, mgonjwa akae kwake wiki za kwanza. Ni afadhali kuliko kumfungia mwezi mzima ndani ya nyumba asiyoweza kutoka. Asianze na mteremko mpaka aweze kuinuka mara 10 bila mikono na kutembea dakika 10 mahali pa tambarare. Kupanda, mguu wenye nguvu utangulie. Kushuka, utangulie ule dhaifu. Msaidizi abaki ngazi ya chini yake siku zote. Watu huogopa kupanda, lakini magoti hukatika wakati wa kushuka, hasa mvua ikiwa imelowesha udongo. Moto (pikipiki) asipande mpaka aweze kukaa wima bila kuegemea. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20: isahauni kwanza, mikono ianze na chupa ya nusu lita.

Tumkande kwa maji ya moto?

Mafuta na mkono mwepesi humtuliza, ila havijengi msuli. Hatari ni mbili. Mguu wenye ganzi hauhisi maji yanayounguza, kwa hiyo aliye mzima ayajaribu kwanza kwa kiwiko. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu kuliko mwingine, msiuguse: huenda damu imeganda, na donge likikatika huenda mapafuni. Hospitali siku hiyo hiyo.

Ale nini?

Protini, gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maharagi yaliyopikwa kama 15, gramu 30 za sambaza wakavu (samaki wadogo wa ziwani) kati ya 15 na 20. Fufu ya muhogo karibu haina, nayo ndiyo humjaza tumbo. Basi aanze na samaki na maharagi, fufu ifuate, na ale kidogo mara 5 au 6. Mwenye figo mbovu aulize daktari kwanza.

Akinywa maji anakohoa.

Huenda bomba la kupumulia lililokuwa kooni limeharibu kumeza. Akae wima, anywe kidogo kidogo. Ikiendelea au homa ikija, apimwe.

Itachukua muda gani?

Miezi, wengine mwaka na zaidi. Ndoto mbaya na kusahau ni vya kawaida, na nywele hunyonyoka mwezi wa 2 au wa 3, kisha huota. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2009 unataka apimwe tena miezi 2 hadi 3 baada ya kutoka reanimasio. Mkienda kwa kine (mtaalamu wa mazoezi ya viungo), chukueni karatasi ya kutoka hospitali, dawa zote, na daftari la idadi ya kuinuka ya kila siku.