Alama za utambuzi: jinsi ya kumjua samaki aliyenasa kwenye ndoano yako

Alama ya utambuzi ni kitu katika mwili wa samaki kinachobaki vilevile hata akikua, akihamia maji mengine au akiingia msimu wa kuzaana. Umbo la mkia, miiba ya pezi la mgongo, sharubu, mdomo unaishia wapi ukilinganisha na jicho: hivyo ndivyo vya kutazama kwanza. Rangi ije mwisho. Anayevua kwa mshipi kwa kujifurahisha anahitaji ujuzi huu kwa sababu samaki akishatolewa majini hana muda mrefu, na uamuzi wa kumrudisha au kwenda naye nyumbani unapaswa kufanyika hapohapo.

Tumchukue sangara (Lates niloticus), aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Mdogo ana mabaka ya kahawia iliyokolea. Mkubwa ni mweupe wa kifedha, na mgongo wake una usamawati. Anayetegemea rangi atasema hao ni samaki wawili tofauti. Lakini wote wawili wana paji lililobonyea juu ya macho, taya la chini lililotokeza, na mkia wa mviringo. Pezi la mgongo lina pengo kubwa katikati: mbele kuna miiba 7 au 8 minene, nyuma ni vijiti laini. Umri haufuti alama hizo, na sangara anaweza kufika urefu wa mita mbili.

Jamii ya sato inataka macho makali zaidi, na hapa ndipo ningependa kila mvuvi atulie. Kwanza thibitisha jamii yenyewe. Sogeza uso wa samaki karibu uhesabu matundu ya pua: samaki wengi wana mawili kila upande, jamii ya sato ina moja tu. Kisha fuata mstari wa ubavuni kwa kidole. Utaukuta umekatika: kipande cha juu kinakoma kuelekea mwisho wa pezi la mgongo, halafu kingine kinaanza chini yake na kwenda hadi mkiani. Ukishaona hayo mawili, panua pezi la mkia. Sato wa kawaida (Oreochromis niloticus) ana mistari myembamba ya wima iliyojipanga toka shina la mkia hadi ukingoni. Ngege wa asili (Oreochromis esculentus) hana mistari hiyo. Mbiru (Oreochromis variabilis) ana ukingo wa rangi ya chungwa kwenye pezi la mgongo.

Hiyo mistari ya mkiani ina uzito mkubwa kuliko inavyoonekana. Sato aliletwa kutoka nje. Ngege na mbiru ni wenyeji wa Ziwa Victoria na sasa wako katika hatari kubwa mno ya kutoweka, na sehemu ya waliobaki wanaishi katika maziwa madogo ya pembeni. Ukimpata mmoja wao, lowesha mikono, mtoe ndoano angali majini, umwachie. Usiende na jina linalotumika mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, peke yake, maana upande wa Kenya watu wengi humwita ngege samaki yeyote wa jamii ya sato.

Kwa samaki wenye sharubu, tazama mgongo. Kambare (Clarias gariepinus) ana pezi moja refu la mgongo, laini lote, linalokaribia mkia wa mviringo. Hongwe (Bagrus docmak) ana pezi fupi la mgongo, nyuma yake kuna pezi la nyama lisilo na kijiti hata kimoja, na mkia wake umegawanyika panda. Gogogo naye ana miiba ya kifuani na mgongoni anayoweza kuikaza ikasimama wima, basi mshike kwa uangalifu.

Pezi hilo la nyama utalikuta pia kwa trauti wa mito ya baridi ya Mlima Kenya na Aberdare. Wote waliletwa, trauti wa kahawia walitangulia, mwaka 1905, katika mto Gura. Kwa hawa madoa yanasaidia, ila tazama yalipokaa badala ya kushangaa uzuri wake. Trauti wa upinde wa mvua ana madoa meusi yaliyotapakaa mpaka kwenye pezi la mkia. Trauti wa kahawia ana mkia usio na madoa, au wenye machache tu, na ubavuni ana madoa mekundu yaliyozungukwa na duara lililopauka. Ule mkanda wa waridi unaosifiwa sana kwa trauti wa upinde wa mvua hufifia kwa baadhi yao, kwa hiyo mkia ni shahidi bora.

Naivasha kuna besi wa mdomo mkubwa (Micropterus salmoides). Mfunge mdomo: pembe ya taya la juu inapita nyuma ya jicho. Hana pezi la nyama.

Kuna wakati alama zitagongana. Sato na ngege huzaliana, na chotara anaweza kuwa na mistari ya mkia iliyokatika au iliyofifia. Samaki wa namna hiyo usimlazimishie jina. Mpige picha ya ubavu mzima, mapezi yakiwa yamepanuliwa, na nyingine ya mkia kwa karibu, uandike mahali na tarehe. Kwa picha hizo mbili mtaalamu wa samaki anaweza kufanya kazi. Picha ya samaki aliyening'inizwa kwa mdomo, mapezi yamelala, haimwonyeshi chochote anachohitaji.