Mwanangu haanguki tena, niache kumpa dawa ya kifafa?

Swali hili aliniuliza mama mmoja wa Chamwino, vidonge vya fenobabitoni kavifunga kwenye pindo la kanga. Mtoto ana miezi minane hajaanguka.

Jibu: Usiache, mama. Madaktari huanza kufikiria kupunguza dawa baada ya miaka 2 hivi bila kuanguka, na hupunguza kidogo kidogo.

Kwani dawa inafanya nini kichwani?
Seli za ubongo huzungumza kwa kemikali. Zipo za kuamsha na zipo za kutuliza, na kubwa ya kutuliza ni GABA. Ikitoka kwenye seli moja hunasa kwenye kipokezi cha seli jirani. Kipokezi hicho ni protini ya vipande vitano vilivyojipanga duara, katikati pana tundu. GABA ikinasa, tundu hufunguka na kloraidi, ile iliyomo kwenye chumvi ya jikoni, huingia ndani. Kloraidi ina chaji hasi, kwa hiyo seli huwa nzito kurusha umeme. Kufumba na kufumbua, imetulia.

Kifafa kinapopanda, seli nyingi hurusha umeme kwa pamoja na utulizaji huo huzidiwa. Si pepo, na povu haliambukizi. Naomba sana tuache kumkimbia mtoto aliyeanguka. Fenobabitoni hulifanya lile tundu likae wazi kwa muda mrefu zaidi. Diazepamu, inayotolewa zahanati kukata degedege, hulifanya lifunguke mara nyingi zaidi.

Nikiacha ghafla je?
Ubongo umeshazoea msaada huo, na vipokezi vimejirekebisha kuufuata. Ukikatika, utulizaji hupungua kuliko hata mwanzo, na kifafa kinaweza kupanda mfululizo. Msimu wa kupalilia mtama ndio unaonitia hofu: familia inahamia shambani, vidonge vinabaki nyumbani. Vifunge pamoja na unga, mama.

Mtu mzima anayemeza dawa hizi anaweza kunywa mvinyo wetu wa zabibu?
Hapana. Pombe nayo huongeza nguvu ya vipokezi hivyohivyo. Vikichanganyika, pumzi inaweza kukata.

Akianguka leo nifanye nini?
Mlaze ubavu, ondoa mawe na moto karibu yake, usimtie kijiko mdomoni. Zikifika dakika 5 hajatulia, mkimbize zahanati.